Busta, homoni na mahindi: kilichomo ndani ya chupa

Mvua za masika zinapokaribia, ujumbe unaoingia kwenye kipindi chetu cha kilimo huwa na swali lilelile kwa maneno tofauti. Mmoja anauliza busta ipi ni nzuri kwa mahindi. Mwingine amesikia kwamba wataalamu wana dawa inayokuza mmea mzima kutoka kipande kidogo ndani ya chupa, na anataka kujua kwa nini dawa hiyo haiuzwi dukani akawape mahindi yake yaliyodumaa. Wa tatu haulizi kabla, anapiga baada: amenyunyizia "dawa ya mahindi" kwenye shamba alilochanganya mahindi na muhogo. Mahindi yamesimama, muhogo umejikunja majani na shina limepinda kama mkia wa nge.

Watu hawa watatu wanazungumzia kitu kimoja bila kujua. Wote wanauliza juu ya homoni za mimea, yaani kemikali zinazouamuru mmea uote, urefuke, utoe mizizi, uchanue au uzeeke. Makala haya yanaeleza zinavyofanya kazi, wapi zinamsaidia mkulima wa Kibaha na Kisarawe, wapi zinamla fedha, na wapi zinaua mazao yake.

Homoni unazozijua tayari

Mwanamke wa Maneromango anayevundika ndizi anatumia homoni. Ndizi zikifunikwa shimoni au kwenye pipa pamoja na moshi, hewa iitwayo ethilini hujikusanya na kuziamuru ziive. Ndizi moja iliyoiva ikiwekwa kati ya mbichi hufanya kazi hiyohiyo, kwa sababu tunda linaloiva hutoa ethilini lenyewe. Anayeotesha nafaka apate kimea cha togwa naye anatumia homoni: punje ikilowa, kiinitete chake hutoa jiberelini, na hiyo huiamuru punje ianze kugeuza wanga kuwa sukari.

Ya tatu ni oksini. Hutengenezwa kwenye ncha ya mmea, hushuka chini, na huzuia machipukizi ya pembeni yasiamke. Ndiyo maana mchicha ukikatwa ncha hutoa matawi. Ya nne ni saitokinini, inayoamuru chembe hai zigawanyike na machipukizi yatoke. Hii ina habari mbili zinazotuhusu. Mwaka 1941 watafiti nchini Marekani walitumia maji ya nazi kukuza viinitete vichanga vya mmea vilivyokuwa vikifa kila vikitolewa kwenye mbegu. Maji ya dafu, ambayo sisi watu wa Pwani tunayanywa barabarani bila kuyafikiria, yana saitokinini, na mpaka leo baadhi ya maabara huyatia kwenye chakula cha miche. Habari ya pili: saitokinini ya kwanza kupatikana katika mmea wenyewe ilitolewa kwenye punje changa za mahindi mwaka 1963, na mtafiti wa New Zealand, Letham. Iliitwa zeatini, kutokana na jina la kisayansi la mahindi, Zea.

Homoni hufanya kazi kwa kiasi kidogo mno, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Mbolea ni chakula, homoni ni amri. Ukimwamuru mwenye njaa akimbie, hatashiba kwa sababu ya amri.

Je, mahindi yanahitaji kuongezewa?

Jibu bora tunalolifahamu lilitoka Los Angeles mwaka 1956. Mtafiti Bernard Phinney alikuwa na mahindi mafupi sana, ambayo ufupi wake ulikuwa wa kurithi. Aliyapa jiberelini, na baadhi ya aina hizo zikarefuka hadi kimo cha mahindi ya kawaida. Kisha akayapa jiberelini hiyohiyo mahindi ya kawaida. Hayakubadilika kwa kiasi cha kuonekana sana.

Maana yake ni kwamba mahindi yenye afya hujitengenezea homoni za kutosha. Yale mafupi yalikuwa na hitilafu ya uzazi iliyoyanyima jiberelini, ndiyo maana yalipopewa yaliinuka. Mbegu unazopanda, iwe Staha, TMV-1, Situka au chotara ya kampuni, hazina hitilafu hiyo. Zikidumaa shambani kwako Soga au Magindu, hazijadumaa kwa kukosa homoni. Zimekosa maji, zimekosa naitrojeni, zimechelewa kupaliliwa, au zina wadudu na magonjwa.

Zipo nchi ambako homoni hunyunyiziwa mahindi kwa faida. China, kwa mfano, hutumia dawa inayotoa ethilini ndani ya mmea ili bua liwe fupi na gumu lisilale upepo ukivuma, kwa sababu wanapanda kwa kubanana sana na wanamwaga mbolea nyingi. Tatizo lao ni mahindi kurefuka kupita kiasi. Sijui ni nani kati yetu mwenye tatizo hilo kwenye mchanga wa Kibaha.

Hesabu ya chupa na mfuko

Sasa tuje kwenye busta. Neno hili si jina la kitu kimoja. Chupa nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni mbolea ya majani: maji yenye naitrojeni kidogo, fosforasi, potasiamu, na madini kama zinki na boroni. Nyingine zina dondoo la mwani wa baharini, ambalo ndani yake mna homoni kidogo. Chache zina jiberelini hasa. Huwezi kujua mpaka usome kibandiko, na kama kibandiko kimeandikwa "hukuza haraka" bila kutaja kilichomo na kwa kiasi gani, hiyo peke yake ni sababu ya kuirudisha kwenye kaunta.

Fanya hesabu hii ukiwa dukani. Mfuko wa kilo 50 wa urea una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Chukua chupa ya lita moja ya busta, na tuikadirie kwa ukarimu kwamba ina gramu 250 za naitrojeni. Ili upate kilo 23 utahitaji chupa 92. Tani moja ya punje za mahindi huhitaji mmea uwe umechukua takriban kilo 20 hadi 25 za naitrojeni, kwa hiyo mkulima anayeweka chupa moja kwa ekari badala ya mbolea ya kukuzia hajaweka kitu cha kutajwa. Majani yanaweza kuonekana ya kijani zaidi kwa siku chache, na hapo ndipo muuzaji hupata sifa.

Tusiidhulumu busta lakini. Ipo hali moja ambapo chupa ndogo hufanya kazi kubwa: upungufu wa madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo. Mchanga wetu wa Pwani hauna uwezo mkubwa wa kuhifadhi madini, na zinki ni mojawapo ya yanayokosekana. Dalili yake kwenye mahindi ni mistari mipana yenye weupe kwenye majani machanga, kuanzia karibu na shina. Ukiona hivyo, mbolea ya majani yenye zinki inaweza kuurudisha mmea katika hali yake. Lakini kama majani ya chini ndiyo yanayoanza kuwa manjano kutoka ncha, manjano ikishuka katikati kwa umbo la V, hiyo ni njaa ya naitrojeni na dawa yake ni mbolea ya kukuzia kwenye udongo wenye unyevu, ifukiwe. Majani yakiwa na rangi ya zambarau mahindi yakiwa bado madogo, mara nyingi ni fosforasi, na hapo mbolea ya kupandia ndiyo iliyokosekana. Soma jani kabla ya kusoma chupa.

Kuna njia ya kuamsha homoni za mbegu bila kununua kitu. Loweka mbegu kwenye maji safi kwa usiku mmoja, saa 12 au zaidi kidogo, zianike kivulini mpaka zikauke juu, kisha zipande siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu. Punje huwa imeanza kazi yake kabla ya kuingia ardhini, na hutangulia kuota. Usiloweke mbegu iliyopakwa dawa, ile yenye rangi nyekundu, ya kijani au ya samawati, na usipande mbegu iliyolowekwa kwenye udongo mkavu ukisubiri mvua. Itaota nusu na kufa.

Kwa upande wa sheria, mbolea, ikiwemo ya majani, husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA. Viuatilifu vinasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyochukua kazi hiyo baada ya sheria ya mwaka 2020. Shirika la FAO nalo huhesabu dawa za kurekebisha ukuaji wa mmea katika kundi la viuatilifu. Kwa hiyo chupa inapaswa kuwa na namba ya usajili. Ukiwa na shaka, ipige picha kibandiko, mpelekee afisa ugani wa kata.

Homoni inayoua

Tumefika kwa msikilizaji wetu wa tatu, mwenye muhogo uliopinda. Dawa aliyonyunyizia karibu kwa hakika ilikuwa 2,4-D, au nyingine ya ukoo wake. Wengi wanaijua kama dawa ya magugu ya mahindi. Wachache wanajua kwamba ni homoni: ni oksini iliyotengenezwa kiwandani. Iligunduliwa Uingereza na Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na ilianza kuuzwa miaka ya 1940.

Inaua kwa kuamuru mmea ukue. Oksini ya kawaida mmea huivunja ikishamaliza kazi. Hii haivunjiki kirahisi, kwa hiyo amri ya "kua, kua" haikomi. Shina linajipinda, majani yanajikunja na kuwa membamba, mishipa inapasuka, mmea unakufa kwa kukua ovyo. Mahindi, mpunga, ngano na muwa, ambayo yote ni jamii ya nyasi, huistahimili kwa sababu huivunja haraka na maumbile ya mabua yao ni tofauti. Mimea ya majani mapana haiwezi. Kwa hiyo 2,4-D itaua kishonanguo na mchicha pori, itaacha nyasi zote, na ndago itaendelea kukucheka.

Ubaya wake kwetu ni huu: wakulima wengi wa Kibaha na Kisarawe hawalimi mahindi peke yake. Katikati kuna kunde, mbaazi, muhogo, maboga, na pembeni kuna mipapai. Yote hayo ni majani mapana. Dawa haijui kwamba kunde umezipanda wewe. Na si lazima uzinyunyizie. Upepo wa alasiri kutoka baharini unaweza kuvusha matone hadi shamba la jirani, na kuna aina za 2,4-D zinazopanda kama mvuke siku ya joto kali hata baada ya kukauka. Jirani hataona kitu siku hiyo. Ataona baada ya siku kadhaa, na wakati huo ugomvi utakuwa umeshapata mzizi.

Hata mahindi yenyewe yana kikomo. Dawa hii hupigwa mahindi yakiwa bado madogo, kabla hayajapita kimo cha sentimita 20 hivi. Ikipigwa baadaye, mabua huwa kama kioo kwa wiki moja au zaidi, yanavunjika kwa upepo mdogo, na mizizi ya juu inayoshikilia shina huota ikiwa imeshikana na kupinda. Mahindi yakikaribia kutoa mbelewele, iache kabisa. Na mwili wako pia: mwaka 2015 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, IARC, iliiweka 2,4-D katika kundi la vitu vyenye uwezekano wa kusababisha saratani. Glovu, buti na nguo za mikono mirefu si mapambo.

Kosa tunalolisikia zaidi ya mengine ni la bomba. Mkulima anapiga dawa ya magugu kwenye mahindi, anasuuza bomba mara moja, wiki inayofuata analitumia kupiga dawa ya wadudu kwenye nyanya. Mabaki yaliyoshika kwenye mpira na kichujio yanatosha kuharibu nyanya zote. Kama uwezo upo, kuwa na bomba moja la magugu tu na liandike kwa rangi. Kama huna, lioshe mara tatu kwa maji na sabuni, ukipitisha maji hadi kwenye pua ya bomba, na bado usilitumie haraka kwenye mboga.

Homoni hiyohiyo, ndani ya chupa

Sasa la kushangaza. Dawa hiyohiyo ya 2,4-D ndiyo inayotumika maabara kukuza mahindi kwa njia ya tishu. Mwaka 1975 watafiti wawili wa Minnesota, Green na Phillips, walitangaza kwamba wamepata mimea mizima ya mahindi kutoka viinitete vichanga. Utaratibu wao, kwa ufupi, bado ndio unaofuatwa. Hindi huvunwa wiki mbili hivi baada ya uchavushaji, punje zikiwa laini. Kiinitete chenye urefu wa milimita moja au mbili hutolewa kwa kisu kidogo, katika usafi wa hali ya juu, na kuwekwa juu ya chakula chenye sukari, madini, agari ya kukigandisha na 2,4-D kidogo. Oksini hiyo hukisahaulisha kiinitete kuwa ni mche. Kinakuwa donge lisilo na mzizi wala jani, linaloongezeka tu. Donge hilo likihamishiwa kwenye chakula kisicho na 2,4-D, mara nyingine chenye saitokinini, linakumbuka kazi yake na kutoa machipukizi, kisha mizizi.

Kiasi chake ni miligramu moja au mbili kwa lita. Shambani, nusu kilo ya kiini cha dawa kwa hekta ikichanganywa na lita 200 za maji ni gramu mbili na nusu kwa lita, zaidi ya mara elfu moja ya kile cha maabara. Kitu kilekile hujenga kwa kiasi kimoja na kuua kwa kingine.

Kwa hiyo msikilizaji wetu wa pili alikuwa karibu na ukweli. Dawa ya chupani ipo, na hata dukani ipo. Lakini inafanya kazi ile kwa sababu ndani ya chupa mche umepewa chakula chote, hakuna ugonjwa, hakuna jua kali, na amri inatolewa kwa kipimo na kuondolewa kwa wakati. Ukiimwaga shambani umebaki na amri tupu.

Wala usisubiri miche ya mahindi ya tishu. Hindi moja lina mamia ya punje, na kila punje ni mche wa bei rahisi kuliko wowote maabara inavyoweza kutoa. Tishu za mahindi ni kazi ya watafiti. Hutumika pia katika kutengeneza mahindi yaliyobadilishwa vinasaba, na hapa ndipo watu huchanganya mambo. Jaribio la mahindi ya aina hiyo lilipandwa Makutupora, Dodoma, Oktoba 2016, na mwaka 2021 Serikali ilitangaza kusitisha tafiti hizo. Mahindi yale yalipitia chupani, lakini si kila kinachopitia chupani kimebadilishwa vinasaba. Mgomba wa tishu ni mgomba uleule, umezidishwa tu.

Kazi ya chupa hapa Pwani ni muhogo

Zao ambalo homoni za chupani zinalisaidia kwa hakika hapa kwetu ni lile linalopandwa kwa kipande cha mti. Punje ya mahindi haibebi virusi vingi vya mama yake. Pingili ya muhogo hubeba vyote. Ndiyo maana ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao Storey aliueleza mwaka 1936 kutoka kituo cha Amani, Tanga, umekaa ukanda wetu karibu miaka mia moja. Majani yanaweza kuonekana ya kuridhisha, na ukichimba unakuta kiazi kimeoza ndani, rangi ya kahawia kama kizibo cha chupa. Mkulima anatupa viazi na, bila kujua, anapanda tena pingili za mti uleule. Nzi weupe humalizia kazi.

Aina zinazovumilia, kama Kiroba inayopendwa sana Pwani, zimepunguza hasara, na kituo cha TARI Kibaha, ambacho kitaifa kinajulikana zaidi kwa miwa, kinashughulika pia na muhogo wa kanda hii. Lakini kuvumilia si kutokuwa na virusi. Kuusafisha mti ni kazi ya maabara, na ya karibu ni TARI Mikocheni, Dar es Salaam, ambayo asili yake ni mpango wa taifa wa minazi. Ncha kabisa ya chipukizi, isiyofikia milimita moja, mara nyingi haijafikiwa na virusi. Mti hukaa kwanza kwenye joto la nyuzi 35 hadi 40 kwa wiki kadhaa ili virusi vidhoofike, ncha inakatwa, inawekwa kwenye chupa, na hapo oksini, saitokinini na jiberelini hufanya kazi kwa zamu: chipukizi, kurefuka, mizizi. Mche hupimwa virusi, kisha huzoeshwa hewa ya nje polepole, maana mche wa chupani una majani laini kama ya mtoto na jua la saa sita lingeumaliza siku ya kwanza.

Mche huo ni wa gharama, kwa hiyo hauletwi moja kwa moja kwa mkulima. Huzidishwa kwenye mashamba ya wazalishaji wa mbegu wanaokaguliwa na TOSCI, na wewe unanunua pingili. Ekari moja kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja huchukua pingili 4,000. Kama fedha haitoshi, nunua za robo ekari, zipande mbali na muhogo wako wa zamani uwezavyo, ng'oa kila mche utakaoonyesha manjano kwenye mishipa ya majani ya chini au batobato juu, na msimu ujao jipatie mbegu humo. Uliza kwanza kwa afisa ugani au TARI Kibaha ni wazalishaji gani wamekaguliwa msimu huu. Ulizia kabla ya Machi, kwa sababu masika yakishaanza pingili safi huwa zimekwisha, na zinazobaki zikipakiwa kwenye pikipiki Mlandizi hakuna anayeweza kukuambia zimetoka shamba gani.